Kupiga picha pana ya Edinburgh kutoka Calton Hill: mwongozo kwa anayeanza

Kila Septemba, wanafunzi wapya wakishafika Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, maswali kuhusu picha pana, yaani picha kadhaa zilizounganishwa kuwa moja, huwa yaleyale. Mbona mji wangu umepinda kama ndizi? Mbona anga lina mistari ya giza na mwanga kama kikoi? Mbona mnara wa saa umetoka nusu mbili zisizokutana? Simu inatosha, au ninunue kamera? Nimewajibu wengi mmoja mmoja, tena kwa haraka, na jibu la haraka halimsaidii mtu aliyesimama kilimani na upepo unamtoa machozi. Kwa hiyo nayaweka yote hapa, kwa ajili ya sehemu moja tu: Calton Hill.

Kilima hiki kina mita 103 hivi juu ya bahari. Hakina kiingilio, hakifungwi usiku wala mchana, na ukitoka stesheni ya Waverley unafika juu kwa miguu kama robo saa. Tena kwa picha pana hapa ndipo nyumbani kwake. Mchoraji Robert Barker aliuchora mji kutoka kilimani hapa akigeuka pande zote, akapata hataza (haki ya mvumbuzi) ya mbinu hiyo mwaka 1787, na neno panorama lenyewe lilibuniwa kwa ajili ya michoro yake. Kando ya kilima hichohicho, kwenye nyumba inayoitwa Rock House, David Octavius Hill na Robert Adamson walikuwa na studio ya picha kuanzia 1843, miaka minne tu tangu upigaji picha utangazwe kwa ulimwengu.

Kabla ya yote shika hili: picha pana huharibikia kilimani, haiharibikii kwenye kompyuta. Programu za kuunganisha picha siku hizi ni hodari. Zikishindwa, mara nyingi ni kwa sababu vipande ulivyoziletea havikukatwa kutoka kitambaa kimoja: kimoja kina mwanga zaidi, kingine kina rangi tofauti, cha tatu kilipigwa kutoka hatua moja pembeni. Fundi cherehani hawezi kushona nguo ya hivyo, na programu nayo haiwezi.

Vitu vya kuwa navyo

- Kamera yoyote inayokuruhusu kupanga mwanga mwenyewe, yaani yenye herufi M kwenye gurudumu la juu. Ikiwa ya zamani, hakuna shida.
- Lenzi ya milimita 35 au 50. Usikimbilie lenzi pana sana. Inaifanya ngome ya Edinburgh, ambayo ndiyo roho ya picha hii, ionekane kama kokoto, na kingo zake hupinda.
- Tripodi yenye kichwa kinachozunguka, na kipimo cha usawa, kile cha povu la maji.
- Betri mbili. Baridi hunyonya betri, hivyo ya pili iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili.
- Kitambaa kikavu cha kufutia lenzi. Manyunyu ya Uskoti hayatoi taarifa.
- Glovu unazoweza kuvua kidole kimoja kimoja, na viatu visivyoteleza. Nyasi za kilimani huteleza hata siku isiyo na mvua.
- Kompyuta yenye Hugin. Ni programu ya bure, na inatosha kabisa. Kama tayari unalipia Lightroom au Photoshop, nazo zinaunganisha vizuri.

Kuhusu ruhusa, kwa matumizi yako mwenyewe huombi kwa mtu. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1988 inaruhusu kupiga picha za majengo na kuzitumia. Kama unakuja na kikundi, taa na kazi ya tangazo la biashara, hapo zungumza kwanza na halmashauri ya jiji.

Saa ya kupanda

Hapa ndipo sisi tuliokulia karibu na ikweta tunapokosea. Tumezoea jua linalozama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza likiingia mara moja. Edinburgh iko karibu nyuzi 56 kaskazini. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku na kuchomoza saa kumi na nusu alfajiri. Mwezi Desemba huchomoza karibu saa tatu kasoro robo asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama. Mtu anayepanga "nitapanda jioni baada ya kazi" bila kuangalia kalenda atakuta giza totoro, au jua kali bado liko juu.

Asubuhi jua liko mgongoni na kushoto kwako unapoitazama ngome, kwa hiyo mawe yake yanapata mwanga na rangi. Jioni unatazama kuelekea jua, minara inakuwa vivuli vyeusi mbele ya anga la rangi. Zote mbili ni nzuri, ila anayeanza aanze asubuhi, maana mwanga hautofautiani sana kutoka kushoto hadi kulia. Kuna majira mawili, katikati ya Novemba na mwishoni mwa Januari, ambapo jua huzama upande uleule wa ngome. Hayo yaache mpaka mkono uzoee.

Mimi napenda zaidi ile nusu saa baada ya jua kuzama, anga likiwa la buluu iliyoiva na taa za barabara ya Princes Street zimewaka. Kwetu rangi hiyo hupita kabla hujafungua mfuko wa kamera. Huku hukaa muda mrefu, na Juni giza kamili haliingii kabisa.

Angalia pia upepo. Ukivuma kutoka mashariki wakati wa machipuko au kiangazi, unaweza kuleta ukungu wa baharini ambao wenyeji huuita haar. Unaweza kuondoka mtaani kuna jua, ukafika juu usione hata nyumba zilizo chini yako. Usikasirike. Mara nyingine ukungu hukaa chini na minara inachomoza juu yake, na hiyo ni picha ya kusubiri miaka.

Kazi yenyewe

1. Panda ngazi za Waterloo Place, ufuate njia mpaka kwenye mnara wa mviringo wenye nguzo, wa ukumbusho wa mwanafalsafa Dugald Stewart, uliojengwa 1831. Watu wengi watakuwa hapo. Sasa amua: unautaka mnara huu ndani ya picha, au hapana? Kama ni mara yako ya kwanza, usiuweke. Sogea mbele au pembeni mpaka kusiwe na kitu chochote cha karibu kati yako na mji: si nguzo, si uzio, si kichaka. Sababu nitaieleza hatua ya nne.

2. Tazama kwa macho kabla ya kutoa kamera. Kutoka kushoto kwenda kulia utaona miamba ya Salisbury Crags, kisha minara ya Mji Mkongwe imepangana juu ya mgongo wa kilima, kisha ngome, na karibu nayo upande wa kulia mnara wa saa wa hoteli ya Balmoral, mnara wa mwandishi Walter Scott wenye mita 61, halafu Princes Street ikinyooka kwenda magharibi. Chagua mwanzo na mwisho vyenye maana. Picha inayoanza kwenye miamba na kuishia kwenye paa la mtu asiyejulikana imekatwa vibaya. Si lazima uzunguke duara zima. Nyuzi 140 hivi zinatosha kuubeba mji wote huu.

3. Simamisha tripodi. Fungua kwanza miguu minene, na ule mti wa katikati usiuinue, kwa sababu upepo wa hapa utautikisa. Sawazisha miguu kwa kipimo cha povu, kisha sawazisha kichwa. Zungusha kamera kutoka mwanzo hadi mwisho huku ukitazama povu. Likihama, bado hujasawazisha. Dakika tatu zinazotumika hapa ndizo zinazouzuia mji kupinda kama ndizi.

4. Geuza kamera isimame wima. Ndiyo, picha pana hupigwa kamera ikiwa wima. Unapata anga zaidi juu na mitaa zaidi chini, na programu inapokata kingo unabaki na kitu. Sasa ile sababu niliyoahidi. Inua kidole mbele ya uso, funga jicho moja, kisha badilisha: kidole kinaruka dhidi ya ukuta ulio nyuma yake. Kamera inayozunguka juu ya tripodi hufanya vivyo hivyo kama haizungukii mahali sahihi, ambapo kwa kawaida ni ndani ya lenzi yenyewe. Mji ulio mbali kilomita moja haurukiruki. Nguzo iliyo mita tatu mbele yako itaruka. Picha yangu ya kwanza kilimani hapa niliipiga na mnara wa Dugald Stewart mbele, na nguzo moja ikatoka imekatika katikati kama mfupa uliovunjika, juu yake kulia na chini yake kushoto. Ukitaka kuuweka mnara ndani, tafuta reli ndogo ya kusogeza kamera nyuma juu ya tripodi. Panga ukingo wa nguzo na saa ya Balmoral vikutane kwenye mstari mmoja, zungusha kushoto na kulia, na usogeze kamera mbele au nyuma mpaka viache kuachana.

5. Funga mwanga. Weka M, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8. Elekeza kamera sehemu yenye mwanga mkali kuliko zote katika safari yako, ambayo mara nyingi ni mawingu ya upande wa jua, na upange kasi mpaka mawingu yasiungue. Siku ya kawaida ya mawingu meupe utaangukia karibu na 1/250 ya sekunde. Kisha usiiguse tena. Ukipita sehemu ya giza itakushawishi uongeze. Usiongeze.

6. Funga rangi. Alama ya WB, yaani mizani ya rangi, isibaki kwenye otomatiki. Chagua ile ya jua au ya mawingu, moja kwa picha zote.

7. Funga fokasi. Ilenge ngome, hakikisha madirisha yake yako makali, kisha zima fokasi otomatiki kwenye lenzi. Kama umeweka tripodi, zima pia kitulizi cha mtikisiko. Na kama una kichungi cha polaraiza, kile cha kupunguza mng'ao, kivue. Kinapendeza kwenye picha moja, lakini kwenye anga pana kinaacha doa kubwa jeusi katikati ambalo halisafishiki.

8. Piga picha ya mkono wako mbele ya lenzi. Hii ni alama kwamba mfululizo unaanza. Utakaporudi nyumbani na picha mia mbili zinazofanana, utaushukuru mkono huo.

9. Anza kushoto, piga, geuza, piga. Kila picha ilalie iliyotangulia kwa theluthi moja, kama makuti ya paa. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame) iliyo wima, kila picha inashika nyuzi 27, kwa hiyo ukigeuza nyuzi 19 kila mara, picha saba zinafunika zile 140. Duara zima litahitaji 19. Kama tripodi yako haina namba, tafuta kitu kwenye ukingo wa kulia wa picha, tuseme kilele cha kanisa, na ugeuze mpaka kiwe ndani ya theluthi ya kushoto. Tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise.

10. Fanya haraka bila kukimbia. Zile saba zimalizike ndani ya dakika moja, maana mawingu ya Edinburgh yanakwenda mbio na kivuli kinaweza kuifunika ngome katikati ya kazi. Kisha piga mkono tena, na urudie mfululizo wote mara mbili zaidi. Kadi ya memori ina nafasi, na safari ya kurudi kilimani ni ndefu.

Usiku hatua ni zilezile, isipokuwa kasi inashuka mpaka sekunde kadhaa na inabidi usubiri upepo utulie kati ya picha na picha. Nenda na mwenzako. Kilima hakina taa nyingi, na kingo zake zina miteremko mikali.

Mambo mawili ya wenyeji. Kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, saa saba mchana kamili, mzinga hulia kutoka ngomeni, desturi iliyoanza 1861. Wakati huohuo mpira mkubwa huteremka juu ya mnara wa Nelson nyuma yako, alama ambayo mabaharia wa bandari ya Leith waliitumia kurekebisha saa zao. Anayeshika kamera mkononi hushtuka na fremu inaharibika. Jambo la pili, usipange muda wako kwa saa ya Balmoral. Imewekwa mbele dakika tatu kwa makusudi, abiria wa Waverley wasikose treni.

Kama una simu tu

Simu inatosha kwa kuwatumia watu wa nyumbani. Kosa kubwa la wenye simu ni kunyoosha mikono na kuzunguka kiwiliwili, kiasi kwamba simu inachora duara hewani. Badala yake bana viwiko kwenye mbavu, ishike simu wima, na uifanye simu yenyewe iwe kitovu huku miguu yako ikisogea kuizunguka taratibu. Bonyeza na ushikilie kidole juu ya ngome mpaka mwanga na fokasi vijifunge, kama simu yako inakubali. Usipige watu wanaotembea karibu, watatoka na miguu mitatu.

Kuna njia bora zaidi ambayo wengi hawaijui: acha kabisa ile sehemu ya panorama ya simu. Piga picha saba za kawaida, simu ikiwa wima, zikilaliana kama nilivyosema, kisha ziunganishe kwenye Hugin. Tofauti utaiona ukikuza picha na kutazama madirisha ya Mji Mkongwe.

Kuunganisha

Fungua Hugin, ingiza picha saba, ziache zijipange. Programu inatafuta alama zinazofanana kwenye kila jozi: kona ya dirisha, bomba la moshi. Kisha chagua umbo. Kwa mandhari ya mji chagua la silinda. Lile bapa linavuta kingo kama mpira ukipita nyuzi 100 hivi, na la tufe ni la duara zima. Chora mstari wa usawa kwa kutumia kuta za majengo zilizosimama wima. Usitumie mgongo wa Mji Mkongwe, kwa sababu wenyewe unapanda kutoka ikulu ya Holyrood kwenda ngomeni na utakudanganya. Kata kingo, hifadhi kama TIFF (aina ya faili isiyopunguza ubora), na baada ya hapo ndipo urekebishe rangi, mara moja kwa picha nzima. Kurekebisha kila kipande kabla ya kushona ni kurudisha mistari ileile uliyokuwa unaikwepa kilimani.

Kamera ya megapikseli 24 itakupa picha yenye upana wa pikseli 20,800 hivi kabla ya kukata. Hiyo ukiichapisha vizuri inafika mita moja na sentimita sabini ukutani.

Shida na tiba

*Mistari ya giza na mwanga angani.* Mwanga ulibaki otomatiki. Kama ulipiga RAW (faili ghafi za kamera), fungua faili zote, zisawazishe ziwe na mwanga mmoja, halafu unganisha upya. Hapo tu ndipo kurekebisha vipande kabla ya kushona kunaruhusiwa. Kama mistari ni ya rangi, yaani kipande kimoja cha njano na kingine cha buluu, kosa ni la WB na tiba ni hiyohiyo.

*Mji umepinda.* Kamera ilitazama chini au juu wakati wa kuzunguka. Ongeza mistari ya wima kwenye Hugin, minne au mitano, kutoka kushoto hadi kulia. Picha nyingi hupona.

*Mnara au nguzo haikutani.* Ulikuwa karibu nayo mno. Programu ikikuruhusu kuchagua mshono upite wapi, upitishe angani au kwenye majani. Isipowezekana, hakuna dawa nyumbani. Rudi kilimani.

*Basi moja limeonekana mara mbili Princes Street.* Lilikuwa linatembea. Fungua jozi husika na ufute basi kwenye kipande kimojawapo kwa kuficha sehemu hiyo.

*Programu inakataa jozi fulani.* Picha hazikulaliana vya kutosha, au kipande kizima ni anga. Kama ulirudia mfululizo mara tatu, chukua kipande kama hicho kutoka mfululizo wa pili.

*Kila kitu kiko sawa ila picha ni laini, haina makali.* Kagua kwanza kama lenzi haikuwa na tone la manyunyu, maana kilimani doa hilo halionekani kwenye kioo kidogo cha kamera. Kama lenzi ilikuwa safi, basi ni upepo. Safari ijayo shusha tripodi mpaka kiunoni, simama upande unaotoka upepo uukinge kwa mwili wako, na usubiri ule utulivu mfupi kati ya pumzi moja ya upepo na nyingine kabla ya kubonyeza.